Nukta za Kanga

Katika vilima vya Kolo, wilayani Kondoa, kuna miamba iliyochorwa kwa rangi nyekundu na watu ambao hatujui hata majina yao. Walichora twiga, pofu, tembo, na binadamu wembamba wenye vichwa vikubwa, wengine wamesimama, wengine kama wanacheza ngoma. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi huko mwaka 1951 akizinakili picha hizo moja moja, na mwaka 2006 UNESCO ikaliingiza eneo lote katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini wanaoishi jirani na miamba hiyo hawakungoja orodha ndipo waiheshimu. Pale Mungomi wa Kolo watu wameendelea kupanda kufanya matambiko, kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa, mbele ya picha ambazo si babu zao waliozichora. Mkulima aliyekuja baadaye alikuta ukuta umechorwa na mwindaji, akaona hapa pana kitu, naye akapafanya mahali pake pa dua.

Ninaanza na Kolo kwa sababu siku hizi uchoraji unaoponya huzungumzwa kana kwamba ni jambo geni lililoletwa juzi na wataalamu wa mijini. Kwetu ni la zamani mno. Mchoraji wa mwambani hakuamka asubuhi akajitupia rangi ukutani. Alitafuta ngeu, akaisaga mpaka ikawa unga laini, akaikoroga ikashika, akachagua mahali ambapo mvua haitafika, ndipo akaupeleka mkono. Kazi yote hiyo ilitangulia mstari wa kwanza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaousifu uchoraji kama tiba. Wao husema: chukua brashi, mwaga chochote kilichomo moyoni, usijali picha itakuwaje. Ninaelewa nia yao njema, na kwa mtoto aliyeogopeshwa na kuambiwa hawezi, huenda huo ni mlango mzuri wa kuingilia. Lakini nimeona watu wakimwaga, wakamwaga tena, wakaondoka na uchungu ule ule pamoja na nguo zilizochafuka. Naamini dawa imo katika ufundi wenyewe: katika kungoja rangi ikauke, kushika brashi inavyostahili, kurudia umbo lile lile mpaka mkono ulijue. Ufundi humpa mtu mwenye maumivu kitu kilicho nje yake cha kutii.

Niliyaelewa haya kwenye uchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Hakusoma shule ya sanaa. Picha zake ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, na akawaita ndugu na jamaa wajifunze naye. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kuchora, na hadi leo vijana ambao hawakumwona wanaweka nukta kama alivyoziweka yeye. Mwaka 1990 wachoraji wa mtindo wake waliunda chama chao cha ushirika, na kazi haijakatika.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa mtindo huo baada ya kumzika mama. Sikwenda kutafuta tiba. Nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani nikipokea pole. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kidogo. Hakuuliza lolote. Alinipa kipande cha hadibodi na kopo la rangi ya njano, akasema, "Paka yote mwanangu, usiache tundu. Ukimaliza uende zako, urudi kesho."

Nilidhani ananifukuza. Kumbe ndivyo kazi ilivyo. Rangi ya mafuta haikubali haraka. Ukichora juu ya tabaka bichi, rangi mbili zinaingiana na zote zinaharibika. Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya ardhi ya picha peke yake, na mchoraji analala bila kuwa na cha kuonyesha isipokuwa ubao wa njano. Mtu aliyefiwa hapendi kuambiwa angoje, kwa maana kila kitu ndani yake kinataka kesho ifike au jana irudi. Ubao ulikuwa unakauka kwa mwendo wake, nami sikuwa na la kufanya ila kwenda nao.

Niliporudi alinichorea kwa chaki mwili wa kanga, yule ndege: tumbo la mviringo, shingo nyembamba, kichwa kidogo chenye upanga juu. Nikaujaza mwili wote kwa rangi nyeusi. Tukangoja tena. Kisha zikaja nukta.

Anayeona picha ya kanga barabarani huona madoa meupe basi. Anayeyaweka anajua kwamba nukta ina sheria. Brashi iwe nyembamba, yenye nywele zisizotawanyika. Rangi ikiwa nyepesi, nukta inatiririka. Ikiwa nzito, inavuta uzi kama asali na kuacha mkia. Unachovya ncha tu, unalaza kiganja cha mkono wa brashi juu ya ngumi ya mkono mwingine ili kisitetemeke, unagusa, unanyanyua wima. Ukivuta hata kidogo, nukta inageuka kuwa koma. Nukta za tumboni ni kubwa na zimeachana, za mgongoni zinakaribiana, na kadiri unavyopanda shingoni zinakuwa ndogo hadi zinaishia, na hapo ndipo ndege anapopata umbo, kwa sababu jicho linaona mwili unazunguka ingawa ubao ni bapa. Fundi hakunieleza hilo la jicho. Alisema tu, "Usizitupe kama mchele. Zifuate manyoya."

Na kuna jambo ambalo sikulisoma popote. Nukta haiwekeki pumzi ikiwa imekatika. Ukiwa na kwikwi, mkono unaruka. Kwa hiyo unavuta pumzi, unaishusha, na pale inapotulia kabla ya kuvutwa nyingine, unagusa ubao. Kisha tena. Kisha tena. Waliozoea kuhesabu tasbihi baada ya swala wataielewa hali hiyo mara moja: kitu kidogo kinarudiwa, kidole kina kazi, ulimi umetulia, na moyo unapata mahali pa kukaa. Mama hakutoka akilini mwangu hata kidogo. Alikuwapo pale, pamoja na sauti yake na siku zake za mwisho hospitalini, ila huzuni ilikuja kwa kipimo nilichoweza kukibeba, kiasi cha nukta moja, halafu kiasi cha nyingine. Nililia sana wiki zile, lakini nilipokuwa kwenye ubao nililia bila kuzama.

Kanga yule nilimnakili kwa fundi, na fundi alimnakili kwa mwalimu wake. Hapa nakutana na neno zito la Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu na kufanya maisha yake Kenya, ambaye usemi wake mashuhuri ni kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Nalichukua neno hilo kwa uzito kwa sababu ya aliyelisema. Njau alifunzwa Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, na mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa bado kijana, alipewa kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Hebu fikiria mahali pale na wakati ule. Jirani alikuwa amemuua jirani, maelfu walikuwa wametiwa vizuizini, vijiji vilikuwa vimehamishwa kwa nguvu, na kila familia ilikuwa na kaburi au siri. Njau alichora maisha ya Yesu katika picha kubwa tano, kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, naye Yesu wake ni Mwafrika, katika nchi ya matuta na miti ambayo waumini wangeiona wakitoka tu mlangoni. Wakristo wengi wa Afrika Mashariki walikuwa hawajawahi kumwona Mwokozi aliyefanana nao. Kuyachora mateso hayo katika ardhi ambayo damu yake haijakauka ilikuwa kuwaambia wafiwa kwamba Mungu alikuwapo hapa, mlimani kwenu, siku zile zile.

Picha kama zile haziwezi kutoka kwa mtu anayenakili, na kwa hilo Njau ana haki. Ila hazitoki pia kwa mkono usiofunzwa. Naona kunakili kwa mwanafunzi ni adabu, ni njia ya mkono kusikiliza kabla ya kusema, na ugonjwa ni kubaki hapo maisha yote kwa sababu watalii wananunua. Fundi wangu alilijua hilo. Picha ya tatu alikataa kunichorea chaki.

Huko Ulaya jambo hili lilikuja kupewa jina wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Adrian Hill, mchoraji wa Kiingereza, alilazwa kwa kifua kikuu, na kitandani akawa anachora vitu vilivyomzunguka. Akaona nafuu ya moyo wake, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akaiita kazi hiyo tiba ya sanaa. Kinachonigusa kwake ni kwamba alichora kwa kutazama, kwa bidii ya mchoraji. Kifua chake kilihitaji madaktari, na sisemi hata kidogo kwamba mwenye ugonjwa aache dozi ashike brashi. Nasema kuna sehemu ya mgonjwa ambayo dozi haifiki.

George Lilanga aliifikia sehemu hiyo kwa njia nyingine kabisa. Alikuwa Mmakonde aliyeanza na uchongaji, akapata nafasi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kisha mashetani ya vinyago akayahamishia kwenye rangi. Mashetani yake yana masikio makubwa, matumbo yaliyotokeza na miguu ya vidole viwili, na yamebanana ubao mzima yakicheza, yakisengenyana, yakibebana. Kile ambacho watu hukitaja usiku kwa kunong'ona, Lilanga alikipa rangi ya waridi na bluu, akakizungushia mstari safi, na ukikitazama kwa muda unaona kina shida za nyumbani kama zako. Hofu iliyochorwa vizuri inakuwa na mipaka; unaona inapoanzia na inapoishia. Katika miaka yake ya mwisho kisukari kilisababisha akatwe miguu, na aliendelea kuchora, vijana wakimsaidia, hadi alipofariki mwaka 2005.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, simwambii afunge macho aache hisia ziongoze. Namwambia aende kwa seremala aombe kipande cha hadibodi, anunue makopo mawili ya rangi na brashi mbili, nene na nyembamba, pamoja na mafuta ya taa ya kusafishia. Apake ardhi ya picha yote bila kuacha tundu, kisha aende zake alale. Kesho yake asianze na uso wa binadamu, maana ataukosea na kukata tamaa. Amchukue kanga, aanzie tumboni kwenye nukta kubwa, na zile za shingoni aziache hadi mkono uache kutetemeka.