Kosa la Kufuta Kabla ya Kusoma

Kazi ile ya Toyota IST iliyotoka bandarini Dar es Salaam si zamani, ambayo wasomaji wengi wa safu hii mmekwisha kuitazama katika simu zenu tangu boneti ilipofunuliwa hata hedi ilipolazwa juu ya meza, ilikuwa na mambo ya kusifiwa. Lakini yote yalitanguliwa na tendo moja ambalo, kwa kadiri nilivyolipima, silioni udhuru wake: fundi alifuta kumbukumbu ya kompyuta ya gari, akang'oa koili zote nne na plagi zote nne kwa mpigo, kabla hajasoma lililoandikwa na kabla hajatia alama ipi imetoka silinda ipi. Mashaka yote yaliyofuata, na gharama iliyomwangukia mwenye gari, chanzo chake ni dakika ile.

Na tuirejee taratibu, maana inastahili. Mwenye gari alikwisha kueleza, kwa maneno bayana, kwamba injini ikiwashwa alfajiri inamisi, gari zima linatikisika, taa ya injini inapepesa, kisha baada ya kitambo silensa hutulia kana kwamba halikuwapo neno. Mashine ya kusomea ikachomekwa, ikatoa P0303. Haikutoa P0300, ambayo ingetuambia kwamba misi inahamahama. Ilitaja silinda ya 3 kwa nambari yake. Nanyi mnajua kwamba kompyuta haiuoni moto ndani ya silinda, bali hupima mwendo wa krenki kwa sensa yake, na zamu ya silinda fulani inapofika katika mpango wa 1-3-4-2, krenki isipopata msukumo wake hupunguza kasi kwa kiasi kidogo mno, na kompyuta huandika. Pamoja na nambari hiyo huhifadhi hali ya saa ile ile: joto la maji, mizunguko ya injini, mwendo wa gari na mzigo uliokuwapo. Ukurasa huo ulikuwa kitufe kimoja tu kutoka kidole cha fundi kilipokuwa, naye, kama kadhi amfukuzaye shahidi kabla ya kiapo, akabonyeza kitufe cha kufuta.

Lau angeusoma, angeona joto la maji lilikuwa kiasi gani misi ilipotokea. Na kama lilikuwa chini, kama maelezo ya mwenye gari yalivyoashiria, basi hoja ingegeuka pale pale. Koili iliyochoka aghalabu hulalamika ikipata moto, au gari likibebeshwa mzigo mlimani; haina ada ya kuugua alfajiri na kupona kabla ya chai. Misi ya injini baridi, katika silinda moja ile ile, inayokwisha yenyewe, humpeleka mtu mwenye maarifa kuuliza ni kitu gani kilichodondokea humo usiku: petroli kutoka nozeli isiyofunga vema, au maji kutoka gasketi ya hedi.

Hata kama ukurasa ule usingekuwapo, bado alikuwa na njia. Koili ya 3 ingehamishiwa silinda ya 1, na ya 1 ikaja ya 3. Kazi ya spana namba 10 na soketi mbili za waya. Gari likalazwa, likawashwa alfajiri. Nambari ikigeuka P0301, koili imehukumiwa. Ikibaki P0303, koili imetoka katika kesi, na zamu ni ya plagi, kisha nozeli, kisha kompresheni. Na plagi yenyewe ilikuwa ushahidi mwingine, kwani silinda inayoingiwa na maji huiosha plagi yake kwa mvuke, kauri yake ikawa nyeupe safi ilhali wenzake wana rangi ya kahawia. Tuliziona zile plagi nne zikitupwa katika kopo moja la rangi, zikigongana. Sijui nieleze vipi uchungu wa kuona jambo hilo.

Zikanunuliwa koili nne mpya na plagi nne mpya, gari likaendeshwa mchana injini ikiwa imekwisha kupata moto, likaenda vizuri, watu wakapeana mikono. Asubuhi yake, silinda ya 3.

Nimekwisha kuandika katika safu hii, na nitaendelea kuandika maadamu nina wino, kwamba muuzaji anayekuwashia gari kabla hujafika amekuficha nusu ya habari zake. Anunuaye gari la mkononi na aweke kiganja juu ya injini kwanza. Akiikuta ina joto, aage kwa heshima na arudi kesho, aombe kuiwasha yeye mwenyewe. Gari hili lingejisema siku ya kwanza. Kadhalika nimesema juu ya maji ya bomba katika rejeta, ambayo huleta kutu na kula njia za hedi ya alumini, na bado naona watu wakijaza kwa chupa penye kulanti iliyopungua, pasipo kuuliza ilikopungukia.

Wazee wetu waliotengeneza Peugeot 404 na Land Rover hawakuwa na mashine ya kusomea. Walichomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikinguruma, wakasikiliza: waya uliochomolewa bila sauti kubadilika ndio wa silinda iliyolala. Siku hizi tungechomoa soketi ya nozeli badala yake, ili petroli isiyoungua isiende kuyachoma masega ya ekzosi. Lakini kanuni ni ile ile, kugusa kimoja na kungoja jawabu. Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, na Volvo PV544 aliyoshindia Safari Rally mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant ilikuwa gari lililokwisha kutumika, lililoachwa na timu ya kiwanda baada ya mashindano ya mwaka uliotangulia, nao wakalifunua na kulijenga upya kwa mikono yao. Mtu hamalizi barabara za matope za Afrika Mashariki, seuze kushinda, kwa gari kuukuu ambalo ugonjwa wake umekisiwa. Namtaja Singh kila mara, na wako wanaolalamika. Basi na wanioneshe fundi wa leo aliye mfano wake.

Yaliyofuata baadaye, kuutia mfumo wa maji mgandamizo wa kama bar 1 kwa pampu ya mkono na kuulaza usiku kucha, kuchungulia silinda ya 3 kwa kamera ya waya, na kupima ubapa wa hedi kwa rula ya chuma na fila, yalifanywa sawasawa.

Limebaki jambo la hesabu. Gasketi ndiyo iliyokuwa mbovu, na hati ya malipo ingali ina koili nne ambazo hakuna aliyezithibitishia kosa. Tatu kati yake hata mashine haikuzitaja. Zile za awali ni mali ya mwenye gari. Na zitolewe katika sanduku zilimotiwa, arudishiwe mkononi, na bei ya zile mpya ikatwe katika ujira wa fundi.