Heshima na Uungwana: Uhakiki wa Maana ya Neno "Heshima" kwa Kuzingatia Historia ya Ujiji

Neno heshima huchukuliwa na wengi kuwa neno lisilo na utata. Kamusi za Kiswahili hulifafanua kwa visawe kama vile adabu, staha, hadhi na utukufu, kisha huendelea na neno linalofuata. Hata hivyo, visawe hivyo havilingani. Adabu ni mwenendo wa yule anayetoa heshima, ilhali hadhi ni mali ya yule anayeipokea. Kuviweka katika mstari mmoja kunaficha swali la msingi, yaani ni nani mwenye haki ya kuheshimiwa na haki hiyo hutoka wapi. Katika mji wa Ujiji wa karne ya 19, ambako Wajiji wenyeji, wafanyabiashara kutoka pwani, wapagazi na watumwa waliovushwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waliishi pamoja, swali hilo halikuwa la kinadharia.

Kietimolojia, heshima imetokana na neno la Kiarabu hishma, lenye maana ya haya, soni na staha. Mzizi huohuo umezaa neno hasham, yaani wafuasi na watumishi wanaomzunguka mkubwa. Kwa hiyo, tangu asili yake mzizi huu umebeba mambo mawili: kujizuia mbele za watu na kuwa na watu. Kiswahili kimerithi pande zote mbili. Mhashamu, anwani anayoitwa askofu Mkatoliki, na Mheshimiwa, anwani ya mbunge, ni maneno ya ukoo mmoja, na yote mawili yanaelekea kwenye cheo zaidi kuliko kwenye haya.

Wanahistoria wawili wameishughulikia mada hii kwa namna inayostahili kuhakikiwa. Iliffe (2005), akifuata fasili ya Stewart (1994), anaichukulia heshima kuwa haki ya kustahiwa, na anatofautisha heshima ya shujaa na heshima ya mwenye kaya. McMahon (2013), akichunguza Pemba katika miaka ya kukomeshwa kwa utumwa, anadai kuwa maana ya heshima ilihama: kutoka mamlaka ya wenye nguvu hadi mwenendo mwema ambao hata aliyekuwa mtumwa angeweza kuupata. Hoja hiyo ina nguvu. Udhaifu wake unajitokeza pale inapofanywa kuwa kanuni ya Waswahili wote. Katika Kiingereza, maana ya kwanza na ya pili zina maneno mawili tofauti, hivyo mpito kutoka moja hadi nyingine huonekana dhahiri. Katika Kiswahili neno ni lilelile, na maana zote mbili zilikuwamo ndani yake tangu mwanzo. Sehemu ya mabadiliko yanayodaiwa huenda ni mabadiliko ya maneno ya mfasiri.

Ujiji inatoa ushahidi wa aina nyingine. Huko neno lililohama ni uungwana. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru wa nasaba, mwenye mji, asiyetiwa shaka. Kadiri misafara ilivyosonga bara, wapagazi na askari wa misafara walijiita waungwana, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao kisheria walikuwa bado watumwa. Walijitofautisha na washenzi kwa lugha, mavazi na, kwa wengi wao, Uislamu. Hawakusubiri kupewa hadhi hiyo, walijitwalia. Jina hilo lilikita mizizi kiasi kwamba Kiswahili kilichoenea mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana. Ni nadra lahaja kuitwa kwa jina la dai la heshima.

Jambo hili linazidi kuwa muhimu kwa kuwa utumwa katika Tanganyika haukukoma kwa siku moja. Pemba na Unguja hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897. Bara, Wajerumani waliamuru kuwa watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na Waingereza walipiga marufuku utumwa wenyewe mwaka 1922. Katika kipindi hicho kirefu, mtu wa Ujiji mwenye asili ya Manyema aliweza kuwa muungwana machoni pa jirani zake na mtumwa katika madai ya tajiri wake. Fasili ya kamusi inayomweleza muungwana kuwa mtu huru au mtu mwenye adabu inatenganisha kwa "au" kile ambacho mtu huyo alikuwa akikipigania kukiunganisha.

Upande wa haya nao haukutoweka. Umejificha katika kitenzi rejeshi: jiheshimu. Kisarufi, kitenzi hicho kingepaswa kumaanisha kujipa hadhi. Kimatumizi ni karipio, na aghalabu huelekezwa kwa wanawake na vijana: jizuie, jifunike, nyamaza. McCurdy (1996) ameuchambua mgogoro wa mwaka 1932 kati ya vyama hasimu vya Ujiji kwa kuzingatia nia za wanawake walioshiriki kuuchochea. Kwa kipimo cha "jiheshimu", wanawake hao walikosa heshima. Kwa kipimo cha Iliffe, walikuwa wakiidai. Kamusi isiyotenganisha vipimo hivi viwili inampa hukumu msomaji kabla hajaisikia kesi.

Inabaki salamu. Shikamoo huhusishwa na kauli ya kushika miguu ya mkubwa, na wengi huiona kuwa ishara ya unyonge. Lakini leo hufuata umri, si nasaba. Mjukuu wa mtumwa aliyezeeka Ujiji huamkiwa shikamoo na kijana wa ukoo wowote, naye hujibu marahaba. Kamusi huiweka salamu hiyo mahali pake pa kialfabeti, mbali na heshima, bila kumwelekeza msomaji kutoka neno moja hadi jingine.