Bundi na Weupe wa Karatasi

Mwanagenzi wa rangi za maji humwanza bundi kwa manyoya. Huyachora moja moja hata karatasi ikalowa, rangi zikachafuka na ndege akafa. Bundi wa Edward Lear, mshairi Mwingereza, katika kitabu cha John Gould cha ndege wa Ulaya (1832–1837), wangali wazima, kwani jicho lake lilikwisha kufunzwa na kasuku hai mjini London. Umbo hutangulia, macho hufuata, manyoya huja mwisho. Nuru ya jicho haipakwi: ni weupe wa karatasi ulioachwa, mfano wa pumzi baina ya ukwapi na utao. Pwani, bundi ni ndege wa uchuro. Amtazamaye hata akamchora huuacha uchuro, akabakiwa na ndege. Ushairi nao hautaki zaidi ya hilo.