Vanishi Haipigi Santuri

Tunduma nimeonyeshwa rediogramu "iliyofufuliwa". Watu wameizunguka, simu juu, kila mmoja na sifa yake: mbao zinang'aa, kitambaa cha spika kipya, taa za bluu zinacheza chini ya sahani, besi inatikisa glasi. Nikausubiri wimbo ufike katikati. Ulikuwa wa Franco, wa zile nyimbo zilizogawanywa pande mbili za santuri ya 45, na kila aliyezipiga anajua pale zinapokatika ili uinuke ugeuze. Huu haukukatika. Ulikwenda mpaka kwenye sebene, ukamalizika, na mkono wa sindano ulikuwa umeshafika kwenye lebo zamani. Muziki ulitoka kwenye flashi iliyofichwa mgongoni. Sahani ilizungushwa kwa mapambo. Nikawaambia. Wakaendelea kusifu.

Basi tuelewane. Vanishi ni kazi ya seremala, na maseremala hata hapa Mkwajuni wapo. Besi ni kazi ya pesa. Rediogramu ya miaka ya sitini ikishindana na spika za baa, ujue imeharibiwa. Sauti yake inatakiwa iishie mlangoni.

Kinachopimwa ni mwendo. Wengi wakisikia hivyo huchomeka kipande cha karatasi chini ya santuri, hushika saa na kuhesabu: mizunguko 45 kwa dakika, wameridhika. Hapo ndipo wanapoibiwa. Hesabu inaweza kutimia huku kila mzunguko una pa kukimbia na pa kusita, na saa haioni hilo. Tafuta wimbo wenye saksofoni inayovuta noti moja ndefu, au gitaa la Mbaraka Mwinshehe likiachwa lilie peke yake. Usipime kwa ngoma; ngoma huficha kila dhambi. Noti ikisimama wima, mashine ni nzima. Ikipanda na kushuka kama mlevi anayetafuta mlango, usitoe hata punje ya dhahabu ya Lupa.

Mkosaji mara nyingi ni kigurudumu cha mpira, kile kinachobanwa kati ya shafti ya mota na ukingo wa ndani wa sahani. Mashine ikitupwa stoo miaka huku swichi imeachwa kwenye 45, shafti huulalia mpira mahali pamoja na kuchimba kishimo. Ukiwasha, du-du-du, kila kigurudumu kinapozunguka. Fundi mvivu hukisugua kwa msasa mkononi, kishimo kikawa bonde. Mzee mmoja aliyekuwa na banda upande wa Chunya alikifunga kwenye mashine ya kukereza, akakipunguza kidogo kidogo hadi kikarudi kuwa duara, akaosha bushi yake kwa petroli, kisha akatia tone la mafuta ya cherehani. Tone moja. Mteja akiuliza bei, alijibiwa santuri ikiisha. Na wateja walingoja, maana enzi zile za santuri za Nairobi watu walijua kunyamaza mkono unaposhuka. Siku hizi wimbo unarukwa kabla ya kiitikio.

Tena usipime kwa genereta. Mota hizi hufuata hezi za umeme. Karasha la machimboni linalotumia genereta hiyo hiyo likianza kusaga mawe, genereta inalemewa, hezi zinashuka, na mwimbaji anazeeka miaka 20 ndani ya ubeti mmoja.

Wenye jukeboksi za Kimarekani, Seeburg, Wurlitzer au Rock-Ola, shida yao huanzia kiwandani. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60; kwetu ni 230 na hezi 50. Transfoma hushusha volti lakini haigusi hezi, kwa hiyo mashine iliyotengenezwa kwa soko la kwao huizungusha santuri ya 45 mara 37 na nusu tu kwa dakika. Yenye gia hubadilishiwa gia. Yenye kigurudumu cha mpira huvalishwa kwenye shafti bushi ya shaba iliyokerezwa, iliyozidi kipenyo cha shafti kwa sehemu moja ya tano. Tapeli yeye huzungushia selotepu. Hesabu inatimia, naam, 45 kamili. Lakini tepu inapoishia pana kingazi, na noti ndefu inatetemeka.

Upande wa umeme nitasema kwa ufupi. Mashine iliyolala miaka haichomekwi ukutani moja kwa moja. Huungwa na balbu ya wati 100 kwa mfuatano. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na transfoma imeokoka. Kisha kapasita za karatasi zibadilishwe, kwanza ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, kwani ikivuja, valvu hujichoma hadi bati lake la ndani linakuwa jekundu. Punguza sauti hadi sifuri: mvumo ukisikika ukiwa hatua mbili kutoka kwenye spika, irudishe. Lehemu ing'ae. Yenye rangi ya majivu siitaki, hata kama inafanya kazi.

Ukikabidhiwa mashine, dai na vipuri vilivyotolewa. Yule mzee alivifunga kwenye gazeti, akaandika juu yake ubovu wa kila kimoja. Ukiambiwa vimetupwa, igeuze mashine uangalie vumbi kwenye skrubu za mgongoni.