Mapenzi ya Gari la Moshi na Mizani ya Kazi

Penzi ni jambo gumu kuhakiki, maana mpenzi huyasema anayoyaona yeye, na asiyependa haoni kitu. Ugumu huo humkabili kila asomaye maandishi ya Waingereza wanaolipenda gari la moshi. Watu hawa husimama stesheni kutwa na daftari mkononi, wakiandika namba za injini zipitazo. Hulipa nauli ili wavutwe na injini ya mvuke mpaka mahali wasipokuwa na haja napo, kisha warudishwe walikotoka. Majumbani mwao hutengeneza injini ndogo za shaba ziendazo juu ya meza. Asiyekuwa mmoja wao hudhani mchezo wa watoto umewashika watu wazima. Walakini mapenzi haya yamezaa maandishi mengi, na haki ya maandishi ni kupimwa kwa yaliyomo.

Mengi katika hayo ni hafifu. Yamejaa namba, vipimo na tarehe, mfano wa mtu amsifuye rafiki yake kwa kutaja kimo chake na uzito wake. Machache yamepanda juu ya kiwango hicho, na kazi tatu zilizo mashuhuri zina asili moja: reli ndogo ya Talyllyn, katika nchi ya Wales. Ya kwanza ni kitabu cha L. T. C. Rolt, Railway Adventure, kilichotoka mwaka wa 1953. Ya pili ni filamu ya mwaka huo huo, The Titfield Thunderbolt, ambayo mwandishi wake, T. E. B. Clarke, alipata wazo lake kwa habari za reli hiyo. Ya tatu ni hadithi za watoto za Kasisi W. Awdry, ambazo tangu mwaka wa 1955 zilianza kusimulia mambo ya Talyllyn chini ya majina mengine. Maadamu asili ni moja, msomaji anayo mizani ya kuzipimia zote: je, kazi ya mikono imeonyeshwa kwa kiasi gani?

Yafaa kwanza kuijua reli yenyewe. Ilianza kubeba abiria mwaka wa 1866, lakini shabaha ya kujengwa kwake ilikuwa kuteremsha mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi Tywyn, mji ulio pwani. Njia yake ni nyembamba: kutoka chuma hadi chuma ni futi 2 na inchi 3 tu. Mwaka wa 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Sir Henry Haydn Jones, mbunge wa sehemu hizo. Machimbo yalifungwa baada ya kuporomoka mwaka wa 1946, na kazi iliyoizaa reli ikafa. Lakini mwenyewe alikuwa amekwisha ahidi kwamba gari litakwenda muda wa uhai wake. Alifariki mwezi wa Julai, 1950. Tarehe 11 Oktoba mwaka huo watu walikutana Birmingham, Rolt akiwa mmoja wa viongozi wao, wakaazimu kuiendesha reli kwa kujitolea. Tarehe 14 Mei, 1951, walipitisha gari lao la kwanza. Haikupata kutokea popote duniani kabla ya hapo kwamba watu wa kujitolea waishike reli ya abiria na kuiendesha.

Kitabu cha Rolt ni masimulizi ya miaka miwili ya mwanzo ya jambo hilo, na yeye ndiye aliyekuwa meneja wake. Nguvu ya kitabu hiki inatokana na mafunzo ya mwandishi. Katika ujana wake alifundishwa ufundi wa mashine katika karakana ya injini, na kwa hiyo jicho lake huona kwanza kile kilichooza. Mataruma yalikuwa yamelika mpaka majani ndiyo yaliyosaidia kuzishika reli mahali pake. Kati ya injini mbili za asili ni moja tu, Dolgoch, iliyoweza kwenda, nayo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Mwandishi mwingine angeweza kulia machozi mazuri juu ya uzee huu. Rolt anauliza taruma jipya litapatikana wapi, nani atalibeba, na gari la kesho litapitaje. Penzi lake halipungui kwa sababu ya maswali hayo. Bali msomaji hulisadiki, kwa kuwa ameona linavyogharimu.

Filamu ya Titfield huchekesha, na kwa kuchekesha imefaulu. Wanakijiji wanakataa reli yao ifungwe. Tajiri mmoja anatoa fedha kwa sababu ndani ya gari ataweza kunywa saa ambazo baa zimefungwa. Wenye basi wanafanya hila. Na injini ya kijiji inapoangushwa, wananchi wanaitoa injini kongwe katika makumbusho, wanaiwasha moto, na kesho yake inavuta gari mbele ya mkaguzi wa serikali. Hapa ndipo palipo udhaifu. Injini iliyosimama makumbusho miaka mingi haiamki kwa usiku mmoja. Boila lake lataka kupimwa, mabomba yake kubadilishwa, na hiyo ni kazi ya miezi, pengine ya miaka. Filamu imeifanya kazi kuwa muujiza, na mtazamaji hutoka akiamini kwamba kupenda kwatosha. Injini iliyoigiza Thunderbolt ilikuwa Lion, iliyoundwa Leeds mwaka wa 1838. Leo imesimama katika Makumbusho ya Liverpool, baridi, haiendi. Hadithi iliitoa katika makumbusho, nayo dunia ikairudisha.

Kasisi Awdry ni mtu wa namna nyingine. Alianza kwa kumsimulia mwanawe mgonjwa, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka wa 1945. Injini zake zina nyuso, husema, huona wivu na kujuta. Mhakiki mkali aweza kuona kwamba huu ni upambo wa kitoto utakaoificha kazi kuliko filamu ilivyoificha. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Mwaka wa 1952 Awdry alikwenda Talyllyn kujitolea, na siku moja, alipokuwa mlinzi wa gari, aliliruhusu gari liondoke akamsahau mwanamke muuza vinywaji stesheni. Kosa hilo alilitia katika hadithi. Talyllyn akaiita Skarloey, na Dolgoch akaiita Rheneas; na katika Gallant Old Engine, kitabu cha mwaka wa 1962, Rheneas anaufikisha mzigo wake nyumbani huku ameumia, kwa kuwa hakuna injini nyingine ya kushika zamu yake. Mtoto asomaye hucheka na kuogopa. Mtu mzima aliyesoma Rolt huona kwamba Awdry amezichukua siku za dhiki za Dolgoch, wala hakuzipamba sana.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uaminifu huo. Mwaka wa 1951 wenye Talyllyn walinunua injini mbili za reli ya jirani, Corris, iliyokuwa imefungwa mwaka wa 1948. Moja yao, Sir Haydn, ilipoanza kazi iliteleza ikatoka njiani mara kwa mara. Walipopima waliona kwamba njia ilikuwa imepanuliwa karibu nusu inchi kupita kipimo chake. Haukuwa uzembe: kampuni ya zamani ilikuwa imeipanua kwa makusudi ili injini Talyllyn, ambayo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yameachana mno, iweze kupita penye kona. Injini za asili zilikuwa na magurudumu mapana yaliyoweza kuvumilia. Ya mgeni yalikuwa membamba. Awdry alilitwaa jambo hili kavu la ufundi akalifanya hadithi: Sir Handel anapewa magurudumu mapana, anajivuna nayo, na kiburi chake kinamkutanisha na gari la kushindilia barabara. Maadili ni ya watoto, lakini nusu ile ya inchi ni ya kweli, na mwandishi hakuiacha.

Hapo ndipo injini za mezani nazo zinapopata nafasi katika uhakiki huu, na Awdry mwenyewe alikuwa mtengenezaji wake. Katika kipimo kipendwacho sana Uingereza, milimita 4 husimama badala ya futi moja, lakini njia ina upana wa milimita 16.5. Kwa hesabu hiyo njia ni ya futi 4 na inchi 1 na nusu, hali njia halisi ya Uingereza ni futi 4 na inchi 8 na nusu. Zimepotea inchi 7. Sababu ni kwamba injini za Uingereza ni ndogo kuliko za bara la Ulaya, na mota za umeme za siku zile hazikuenea ndani ya umbo lililopunguzwa kwa kipimo cha bara. Basi umbo likakuzwa, njia ikaachwa vile vile. Wako mafundi ambao hawakuweza kustahimili uongo huo, wakajitengenezea njia ya milimita 18.83 kwa mikono yao. Msomaji asiwacheke upesi. Nusu inchi ya Talyllyn na inchi 7 za mezani ni makosa yenye sababu, na anayejua sababu ya kosa ameijua kazi. Asiyeijua huona umbo peke yake, na kuandika juu ya umbo peke yake ndiko kulikovijaza vile vitabu hafifu.

Lakini mizani iliyomnyanyua Rolt na Awdry haina budi kuwapima hata mwisho. Kazi waliyoionyesha vizuri ni kazi ya mtu anayejitolea, ambaye jioni ataoga na kurudi kwenye ajira yake mjini. Kabla yake walikuwako watu waliofanya kazi ile kwa ujira, na juu ya mlima walikuwako wachimbaji wa Bryn Eglwys, ambao bila ya jasho lao reli isingejengwa. Hao walisema Kiwelisi. Kitabu cha Rolt kimeandikwa kwa Kiingereza na mgeni wa bonde lile. Aliweza kuwaona wenyeji kwa heshima, lakini hakuweza kusema kwa kinywa chao. Filamu iliihamishia hadithi katika kijiji cha Kiingereza. Awdry alikwenda mbali zaidi: aliing'oa reli nzima katika Wales akaipanda katika Sodor, kisiwa kisichokuwamo katika ramani, na majina yake akayapa sura ya lugha ya kubuni. Mataruma yameokolewa, injini zimeokolewa, hata kosa la nusu inchi limeokolewa. Lugha ya walioijenga njia ndiyo iliyobaki stesheni, kama yule mwanamke aliyesahauliwa.

Hii si hukumu ya kuwafukuza waandishi hawa katika fasihi. Rolt atabaki juu ya wenziwe kwa kuwa alisema kweli yote aliyoiona, na mwandishi hadaiwi zaidi ya hapo. Deni lililobaki ni la wale walioona mengine. Na deni hilo haliko Wales tu. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, imesimama injini Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock kati ya miaka ya 1955 na 1956 kwa reli ya Afrika Mashariki. Wapenzi wa reli wanaujua uzito wake, mpangilio wa magurudumu yake na kila mlima uliopewa dada zake kuwa jina. Habari za madereva na mafundi waliosimama mbele ya tanuri lake usiku kucha zadai mwandishi, na zadai lugha yao. Kiswahili kilikiita chombo hiki kwa moshi wake. Na moshi ni ushahidi kwamba yuko mtu aliyekoka moto.