Mwani Mwekundu Usio Mwekundu: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa istilahi za biolojia zinazostahili kuhakikiwa ni neno 'mwani'. Neno hili ni la pwani, nalo lina maana ya mimea ya baharini. Wataalamu wamelipanua hadi likajumuisha viumbe vya maji yasiyo na chumvi. Upanuzi huo ni halali, ila hauna budi kufafanuliwa. Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo, aliye mbali na bahari, hawezi kujua kwa jina tu kwamba nyuzi za kijani zenye utelezi vijitoni ni mwani pia.

Tatizo kubwa zaidi limo katika majina ya makundi. Mwaka 1836 William Henry Harvey, mtaalamu wa Ayalandi, aliugawa mwani hasa kwa rangi: mwekundu, wa kahawia na wa kijani. Majina hayo yamebaki, lakini vigezo vimebadilika. Wanabiolojia wa leo huchunguza kemikali zinazoleta rangi, chakula kinachohifadhiwa ndani ya seli, vijimikia vya kuogelea, na nasaba inayodhihirishwa na jeni. Ndiyo maana mwani uliolimwa Zanzibar kwa biashara tangu 1989 umo katika kundi la mwani mwekundu, ingawa mwingine huonekana wa kijani au wa kahawia. Kinyume chake, Trentepohlia, ulio wa kundi la kijani, hutia magome ya miti rangi ya machungwa.

Istilahi yenye hatari ni 'mwani wa kijani-bluu'. Viumbe hao ni bakteria, na baadhi yao hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemsha maji. Tangazo likiwaita mwani, mwanakijiji atadhani ni utelezi ule ule aliouzoea. Likiwaita bakteria bila maelezo, atachemsha maji na kuyanywa kwa imani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, 'mwani' libaki, na fasili yake itaje mito na mabwawa pamoja na bahari. Pili, vitabu viandike 'kundi la mwani mwekundu', ili ieleweke kuwa rangi hapa ni jina la ukoo, si sifa ya kila mmea. Tatu, 'sianobakteria' litumike mahali pa 'mwani wa kijani-bluu', na kila tangazo la maji litaje sumu yao waziwazi. Istilahi isiyomlinda mtumiaji wake haijasanifiwa bado.