Everest: Panga Usiku Kwanza, Tiketi Baadaye

Wasafiri wengi wa huku kwetu wanaoitamani Nepal huanza na tiketi. Wanatafuta ndege ya kupitia Doha au Dubai, wanaipata kwa bei nzuri, wanaomba likizo ya wiki mbili, kisha wanamtafuta wakala wa Kathmandu awaingize kambi ya msingi ya Everest ndani ya siku zilizobaki. Kwa safari ya Zanzibar au Istanbul utaratibu huo hauna ubaya. Kwa Himalaya ni kupanga kinyumenyume, na hasara yake hujitokeza ukiwa mita 4,900 juu, saa nane za usiku, kichwa kinapasuka na chakula hakikai tumboni.

Ratiba nzuri ya Khumbu, bonde la Washerpa linaloelekea Everest, huanzia kitandani. Swali la kwanza ni hili: kila usiku utalala mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Likishajibiwa, ndipo siku zinahesabika, kisha siku za akiba, kisha msimu, na tiketi inakuja mwisho kabisa. Nataka kuifumua ratiba ambayo mawakala karibu wote wa Kathmandu wanaiuza, nionyeshe kwa nini kila kituo kimewekwa pale kilipo, na wapi nadhani inalegea.

Tuanze na hewa yenyewe. Oksijeni ya mlimani ni asilimia 21 hivi, sawa na ya pwani. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kambi ya msingi iko mita 5,364, na hapo mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inaleta karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili una namna yake ya kujibu. Pumzi zinaongezeka, mafigo yanarekebisha kemia ya damu kwa siku kadhaa, na chembechembe nyekundu huongezeka polepole zaidi. Kazi hiyo ina mwendo wake na mazoezi ya gym hayaiharakishi. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kulala chini hoi, na mtu mzima anayekwenda taratibu akafika salama. James Kagambi alipokuwa Mkenya wa kwanza kusimama kileleni mwa Everest, Mei 2022, alikuwa na miaka 62.

Ukiupita mwendo huo, unakuja ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usioelezeka. Dalili kwa kawaida huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika mahali papya, ndiyo maana mtu hufika alasiri akicheka na kuamka usiku akiwa mgonjwa. Ukipuuzwa unaweza kugeuka kuwa maji ndani ya mapafu au uvimbe wa ubongo. Yote mawili yanaua, na tiba ya uhakika ni kushuka mara moja.

Madaktari wa milimani wameweka kanuni ambayo haihitaji hesabu ngumu. Ukishavuka mita 3,000, usilale juu ya ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne rudia kulala palepale. Kinachohesabiwa ni mahali pa kulala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi ushuke kabla ya usiku. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaijua vizuri mbinu hii: njia ya Machame inampandisha mgeni hadi Lava Tower, takriban mita 4,600, halafu inamteremsha kulala Barranco, chini ya mita 4,000.

Sasa Lukla, mlango wa Khumbu. Uwanja wake wa ndege ulijengwa mwaka 1964 chini ya usimamizi wa Edmund Hillary, yeye aliyefika kileleni pamoja na Tenzing Norgay tarehe 29 Mei 1953. Uko mita 2,845. Njia ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu, na imeinama kwa karibu asilimia 12. Upande wa juu imekabiliana na mlima, upande wa chini inaishia kwenye korongo. Ndege ndogo hutua zikipanda mteremko ili zisimame upesi, na huruka zikiuteremka ili zipate kasi. Rubani akishakaribia kugusa chini hana nafasi ya kughairi, kwa hiyo Lukla ikifunikwa na mawingu ndege haiondoki Kathmandu kabisa.

Msafara wa Uingereza wa mwaka 1953, ulioongozwa na John Hunt, haukuwa na uwanja huo. Ulitoka bonde la Kathmandu kwa miguu mwezi Machi, na ukachukua zaidi ya wiki mbili, na mamia ya wapagazi, kufika monasteri ya Tengboche. Njia ile ilikuwa ikipanda na kushuka mgongo baada ya mgongo, na miili ilizoea njiani. Leo safari ya ndege kutoka Kathmandu hadi Lukla ni kama nusu saa. Zile wiki mbili hazikufutwa: umezikopa, na mwili utazidai.

Ushahidi wa deni hilo ni wa zamani. Mwaka 1976 daktari Peter Hackett na wenzake walichapisha utafiti wa watembeaji 278 waliowachunguza Pheriche, kijiji kilicho zaidi ya mita 4,200. Asilimia 53 walikuwa na ugonjwa wa mwinuko. Waliougua zaidi ni vijana, waliokuja kwa ndege, waliopanda haraka na waliolala siku chache njiani. Karibu kila kitu ambacho ratiba ya leo inajaribu kukirekebisha kimo ndani ya matokeo hayo.

Angalia basi inavyorekebisha. Siku ya kutua Lukla hupandi. Unashuka kwenda Phakding, mita 2,610, na kulala huko. Kesho yake unavuka madaraja ya kamba za chuma juu ya mto Dudh Kosi, unapanda mlima mkali wa mwisho, na kulala Namche Bazaar, mita 3,440. Hizo ni mita 830 kwa siku moja, mruko mkubwa kuliko wote katika ratiba. Mita 390 za kwanza ziko chini ya 3,000 na hazina uzito sana. Zilizobaki zina uzito. Ndiyo maana Namche mtu hulala mara mbili.

Siku hiyo ya pili Namche ndiyo inayokatwa kwanza wakala anapobanwa na mteja mwenye haraka, na ndiyo ambayo ningeitetea kwa nguvu zote. Huitwa siku ya mapumziko, jina linaloidhulumu, kwa kuwa ina kazi. Asubuhi unapanda hadi karibu mita 3,880, iliko Hoteli ya Everest View, na mbingu ikiwa safi unauona Everest kwa mbali nyuma ya ukuta wa Lhotse. Unakaa kidogo, unapumua, unarudi kulala 3,440. Kama ratiba yako inaangukia Jumamosi Namche, utalikuta soko la wiki. Ni hapa pia unapotoa fedha taslimu za kutosha, maana juu ya Namche mashine za benki usizitegemee, wakati bei ya chakula, maji ya moto na kuchaji simu inapanda kila kituo.

Kutoka Namche hadi Tengboche, mita 3,860, karatasi inaonyesha ongezeko la mita 420 tu. Miguu ina hesabu nyingine. Njia inateremka hadi mtoni Phunki Tenga, takriban mita 3,250, halafu inapanda mita 600 mfululizo msituni. Mwongozaji mzuri humwambia mgeni jambo hili mapema, asije akamaliza nguvu kwenye mteremko wa asubuhi. Kesho yake ni Dingboche, mita 4,410. Hiyo ni mita 550, imezidi kanuni kidogo, na ratiba inalipa kwa kulala hapo mara mbili na kupanda kilima cha jirani mchana wa kati. Kwa saa kadhaa za kutembea unaweza pia kwenda na kurudi Pheriche, ilipo zahanati ya Himalayan Rescue Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1973. Msimu wa watalii madaktari wake hutoa somo la ugonjwa wa mwinuko. Nenda ukalisikilize hata kama hujisikii vibaya.

Baada ya Dingboche ndipo ratiba inapolegea. Inakupeleka Lobuche, mita 4,940, yaani ongezeko la mita 530, na kesho yake Gorak Shep, mita 5,160, na mchana uleule kambi ya msingi kwenda na kurudi. Hakuna usiku wa kurudia kati yao, na hewa imeshakuwa nyembamba kiasi kwamba mita 500 za hapa si mita 500 za Namche. Ukiwa na siku moja ya kuongeza, iweke hapa: lala Dughla, mita 4,620, kisha Lobuche. Siku hiyo itakuwa fupi mno, na wengi wataona ni kupoteza muda. Nadhani ndiyo siku yenye faida kubwa kuliko zote unazoweza kununua. Juu kidogo ya Dughla kuna minara ya mawe ya kumbukumbu ya waliokufa mlimani, Washerpa na wageni. Ukiwa umelala karibu, unaifikia na nguvu za kusimama na kusoma majina.

Jambo moja wasiloambiwa wengi: ukiwa kambi ya msingi, kilele cha Everest hakionekani. Mlima ulio mbele umekiziba. Anayetaka kukiona hupanda Kala Patthar, zaidi ya mita 5,500, alfajiri ya siku inayofuata, kisha anashuka hadi Pheriche siku hiyohiyo. Ratiba isiyo na asubuhi hiyo imekosa kile ulichokifuata.

Waliokwisha kupanda Kilimanjaro hukosea kwa namna yao. Wanasema: nimefika Uhuru, mita 5,895, mita 5,364 zitanishinda vipi? Njia ya Marangu hulaza watu mita 2,720, kisha 3,720, kisha 4,720, miruko ya mita elfu mojamoja, na wengi wanaoifupisha huugua. Lakini Uhuru unakaa kwa dakika chache, na ndani ya siku hiyo umeshashuka kambi ya Horombo. Khumbu unalala juu ya mita 4,400 usiku baada ya usiku, na ukizidiwa Gorak Shep, kurudi chini ya 3,500 ni mwendo mrefu wa miguu au helikopta. Kwa hiyo soma bima yako neno kwa neno. Bima nyingi za kawaida za safari zina kikomo cha mwinuko. Unayoihitaji lazima itaje kutembea hadi mita 6,000 na uokoaji wa helikopta. Fahamu pia kwamba mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa waliowapakia watembeaji kwenye helikopta bila sababu ili kuzikamua bima. Ukiambiwa unahitaji kuokolewa na bado unaweza kutembea na kufikiri sawasawa, uliza kwanza kama kushuka kwa miguu na mwenzako kunatosha.

Hesabu ya jumla ni siku 12 kutoka Lukla hadi Lukla, 13 ukiongeza Dughla. Juu yake weka siku mbili za akiba kati ya ndege ya Lukla na ndege ya kurudi nyumbani. Ndege za Lukla huruka asubuhi kabla upepo na mawingu hayajainuka, na siku mbaya haziruki kabisa. Miezi ya shughuli nyingi safari nyingi huhamishiwa Manthali, Ramechhap, mwendo wa saa nne au tano kwa gari, hivyo utatoka Kathmandu usiku wa manane. Msimu ni Oktoba na Novemba, au Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba mvua za monsuni zinafunika milima na kuvuruga ndege. Mzigo unaoruhusiwa kwenye ndege ya Lukla ni takriban kilo 15.

Viza inayotolewa ukifika uwanjani ni dola 30 kwa siku 15 na dola 50 kwa siku 30. Chukua ya siku 30, maana ratiba hii haiingii salama katika 15. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mwenye siku kumi tu, pamoja na safari ya ndege, aiache Khumbu. Aende Pokhara na kutembea njia fupi za Annapurna, kama Poon Hill, mita 3,210, ambako Dhaulagiri na Annapurna zinaonekana asubuhi bila deni kubwa la hewa.

Kwa wengine, ombi langu ni hili. Kabla hujalipa tiketi, mwombe wakala akuandikie mwinuko wa kila usiku kwa safu moja. Pigia mstari kila mruko unaozidi mita 500 juu ya 3,000, na uangalie kama unafuatwa na usiku wa pili palepale. Ukikuta Namche au Dingboche wamekulaza mara moja tu, irudishe ratiba irekebishwe, na asipokubali, tafuta wakala mwingine.